Sukari ya Mume Wangu

Mume wangu hajawahi kuugua sukari hata siku moja. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu korido yetu nzima pale Kariakoo ilimuuguza sukari kwa miezi saba, na mimi ndiye niliyempa huo ugonjwa, kwa mdomo wangu huu, saa tano asubuhi, nikihangaika na kufuli la duka.

Tunauza mashuka na mapazia, jumla na rejareja. Fremu yetu iko chini, ndani ya jengo, siyo barabarani. Kushoto kwetu kuna dada anayeuza zipu na vifungo. Kulia kuna mzee wa kanzu, Mwarabu wa hapa hapa. Babu yake ndiye aliyetoka Yemeni, yeye kazaliwa mtaa wa pili, na Kiswahili chake kinatuzidi mbali sisi tuliotoka Kilimanjaro. Mume wangu anamwita mzee, naye anamwita mume wangu Mangi, kama watu wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne, na sijawahi kuwasikia wakigombana hata kwa ajili ya ndoo ya maji.

Desemba moja mume wangu na mdogo wake walikuwa wanakwenda nyumbani Krismasi na gari letu. Mimi na watoto tulishatangulia kwa basi. Walipoipita Korogwe, mchana kweupe, gari likaacha njia. Shemeji yangu alifia pale pale. Mume wangu alitoka na mchubuko kwenye paji la uso, wa kuweka plasta tu. Tulizika, tukakaa matanga, Januari tukarudi Bongo kufungua duka. Nilidhani kilichobaki ni yeye kulia mpaka machozi yaishe, kama watu wengine.

Hakulia. Alikaa. Alikuwa anakaa juu ya robota la mashuka kuanzia tunafungua hadi tunafunga, mteja anamuuliza bei, yeye anamtazama tu. Mlango wa chuma wa fremu yoyote ukishushwa kwa kishindo, anaruka na kuinama, mikono kichwani. Kupanda gari akakataa kabisa, hata bajaji. Na mimi, sitaki kujipamba hapa, nilimfokea. Nilimwambia mwanaume mzima unakaa kama mzigo uliokosa mwenyewe, wateja wanaondoka, watoto wanakuangalia. Nilimfokea mbele ya vijana wa dukani. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kisha anarudi kulekule alikokuwa.

Aliyeniamsha ni mteja wangu mmoja, nesi, alikuja kununua mapazia ya sebuleni. Nikiwa namkunjulia kitambaa, nikaona hatazami kitambaa. Anatazama mguu wa kulia wa mume wangu. Ulikuwa unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga tena. Mimi nilikuwa nimeuona ule mguu kwa wiki nyingi, nikadhani ni mishipa. Nesi akaniuliza kwa sauti ndogo kama alikuwa ndiye dereva. Nikasema ndiye. Akaniambia, mama, mumeo anafunga breki. Mapazia hakununua siku ile. Aliniandikia mahali pa kwenda na mtu wa kumuulizia.

Ndivyo tulivyoanza. Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, saa nzima na mtaalamu wa mambo ya akili, binti mdogo kuliko mimi, mpole, ana kawaida ya kuuliza kitu kimoja na kungoja. Hospitali iko ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na kwa kuwa gari hapandi, tulikuwa tunakwenda kwa miguu. Mimi namshika kiwiko penye kuvuka barabara, maana honi ikilia alikuwa anaganda katikati ya njia. Uwanjani pale Mnazi Mmoja ndipo alipokuwa anapumua vizuri. Wakati mwingine tulisimama tu tukitazama vijana wakicheza mpira. Hadi leo tunakwenda, ila sasa ni Ijumaa peke yake.

Sasa mtu hawezi kufungua duka saa tano siku mbili kila wiki Kariakoo pasiwe na maswali. Wiki ya pili tu mzee wa kanzu akaniuliza kwa upole kulikoni, Mangi anaumwa? Dada wa zipu naye akatoa kichwa. Mimi mdomo wangu hauna breki, unatangulia, akili inafuata nyuma. Nikasema sukari. Imempanda, mzee, inabidi tuwe tunakwenda kliniki.

Nikwambie kwa nini. Pale kwetu mtu akinunua gari la pili, watu wanaulizana amemtoa nani. Ndugu akifa na mwenye duka akabaki hana hata kovu, hawaulizani tena, wanajua. Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi tangu turudi kutoka msibani nilipowasikia wanawake wawili kwenye foleni ya choo, hawakujua niko nyuma yao. Wakasema yule Mchaga wa mapazia kamtoa mdogo wake kafara. Sasa fikiria watu hao wakisikia kwamba anakwenda kwa daktari wa akili. Wangesema damu ya ndugu yake imeanza kumdai. Watoto wangu wangebebeshwa hilo neno shuleni. Sukari ni ugonjwa wenye heshima zake, kila ukoo unao. Nilijiona nimefanya kazi nzuri ya kumlinda mume wangu.

Basi wakaanza kumuuguza. Muuza kahawa akawa anampa kikombe bila kashata, na mume wangu akiinyooshea mkono, yeye anaivuta sinia. Mama ntilie akamnyima chapati, akawa anamletea dona na mchicha bila kuulizwa. Dada wa zipu ndiye aliyezidi. Kila asubuhi alileta glasi ya maji ya bamia zilizolowekwa tangu jana, yale maji yanavutika kama gundi, na anasimama mlangoni kuhakikisha yameisha. Kuna aliyeleta uwatu, kuna aliyeleta mdalasini, kuna aliyeleta majani ya mlonge kwenye mfuko wa rambo. Mume wangu alikunywa vyote. Hakunilaumu, hakuniuliza. Mwanaume aliyekuwa anatia sukari vijiko vinne kwenye chai akawa anakunywa chai ya rangi chungu mbele ya watu, miezi na miezi, ili mimi nisiumbuke.

Kwa nje alikuwa anapata nafuu. Alianza kulala. Alianza kujibu bei. Lakini ule mguu haukuacha. Mwezi wa tano tangu tuanze kwenda, yule binti wa hospitali akaniita ndani, mume wangu akiwepo na kwa ruhusa yake, akaniambia kwamba wanakwenda vizuri ila kuna mahali wakifika ananyamaza. Anaanza kusimulia ile safari, anafika asubuhi ya kuondoka, basi. Hasogei. Akasema asipopita hapo hawezi kuimaliza, na asipoimaliza atabaki kwenye lile gari. Alikuwa amempa kazi pia: atafute mtu mmoja wa nje, siyo mke, anayemwamini, amwambie kwa mdomo wake kwamba anaumwa na anaumwa nini. Mtu mmoja tu.

Nilijua kwa nini alikuwa ananyamaza pale. Nilijua siku nyingi.

Wao walitakiwa waondoke tarehe ishirini. Mimi nilikuwa tayari nyumbani na watoto, nikampigia simu, nikamwambia usifunge duka bado, ongeza siku mbili, mapazia huu ndio wakati wake. Na kweli, watu wote wanabadilisha mapazia Krismasi. Yeye na mdogo wake wakauza siku mbili zile kutoka alfajiri mpaka usiku, wakapakia, wakaondoka bila usingizi wa maana. Kwa hiyo waliokuwa wanasema kafara kwenye foleni ya choo, mimi niliwachukia kwa sababu walikuwa karibu sana na ukweli. Hatukumtoa mtu. Lakini sababu ilikuwa ni duka, na aliyesema wangoje ni mimi. Na mume wangu alikuwa ananificha, mbele ya binti aliyeapa kutotoa siri. Niliondoka kwenye kile chumba sijasema neno.

Tukiwa uwanjani, njiani kurudi, mume wangu akasema mtu anayetaka kumwambia ni mzee wa kanzu. Halafu akasema lakini haiwezekani. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, tena bila hasira, kwamba hawezi kwenda kumwambia anaumwa mtu ambaye mke wake alishamwambia anaumwa kitu kingine. Nikamjibu kwa ukali kwamba atafute mwingine, Kariakoo ina watu. Ijumaa iliyofuata akachelewa kuamka. Jumanne akasema miguu inamuuma. Nikaona anaanza kuacha kwenda, na mimi ndiye niliyeuziba mlango, na bado nikawa naona haya kuufungua.

Yangeishia hapo, kama siyo bamia.

Siku moja dada wa zipu alinibana nimwambie kama dawa yake inasaidia. Mzee naye alikuwepo, anasikiliza. Ungekuwa wewe ungesema nini, mtu amekuamkia kila siku na glasi mkononi? Nikasema inasaidia sana, sukari imeshuka, daktari mwenyewe anashangaa. Dada wa zipu akafurahi mpaka akacheka. Mzee akauliza ni bamia ngapi kwa glasi. Mimi nikadhani anauliza tu, mazungumzo ya watu wazima.

Kumbe mzee alikuwa na sukari ya kweli, miaka tisa, na hakuna aliyejua pale koridoni.

Alhamisi moja, baada ya swala ya alasiri, alimwita mume wangu dukani kwake. Mimi nilikuwa upande wa pili napima pazia. Baada ya muda mume wangu akarudi, na uso wake haukuwa ule niliouzoea tangu Januari. Ulikuwa na hasira, na nitasema ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha kuiona, kabla sijajua ni yangu. Akanivuta mpaka nyuma ya marobota. Akaniambia mzee kavua kiatu, kamwonyesha kidonda chini ya kidole gumba, kinanuka. Watoto wake hawajui, anaogopa watampeleka akakatwe mguu. Kamwonyesha yeye kwa sababu ni mgonjwa mwenzake. Na vidonge kaviacha, wiki ya saba sasa, anakunywa bamia, kwa sababu mke wa Mangi kasema bamia imemshusha Mangi.

Mdomo wangu, mdomo ule ule, ukatangulia. Nikasema hiyo ndogo. Tutamwambia umerudi kliniki leo, daktari kasema bamia ni hatari, kila mtu arudie vidonge. Atasikia, tena haraka. Na hakuna atakayeumbuka.

Mume wangu akanitazama sana.

"Hapana," akasema. "Umeshaniugulia vya kutosha. Huu nitauugua mwenyewe."

Akatoka. Nikamfuata, sijui kumzuia au kufanya nini.

Nisikuache roho juu kuhusu mguu wa mzee: kesho yake mwanawe mkubwa alimpeleka hospitali. Alipoteza vidole viwili, mguu ukabaki. Anatembea na fimbo na anauza kanzu kama zamani. Lakini alasiri ile hatukulijua hilo. Tulimkuta bado yuko kwenye kigoda chake, kiatu kimoja kavua, soksi mkononi, kanzu zimening'inia juu ya kichwa chake kwa saizi, za watoto mbele, za watu wazima nyuma.

Mume wangu alibaki amesimama. Akamwambia arudie vidonge leo hii na kesho aende hospitali, kwa sababu yeye hana sukari na hajawahi kuwa nayo. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamrudia yeye. Akauliza, taratibu sana, sasa yale maji ya bamia alikuwa anayanywea nini. Mume wangu akasema alikuwa anayanywa ili watu wasiulize.

Mzee hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Nimekuvulia kiatu, Mangi. Mguu huu hata wanangu hawajauona. Kumbe namwonyesha mtu mzima."

"Mimi siyo mzima, mzee," mume wangu akasema. "Naumwa. Nakwenda kwa daktari wa akili, mara mbili kwa wiki, tangu mdogo wangu afe."

Alilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, mlango uko wazi, dada wa zipu yuko hatua sita kutoka pale. Mimi nikageuka kuangalia nani kasikia. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya, mume wangu amesema neno alilolibeba miezi saba na mimi naangalia korido. Nilikuwa nawaza kesho adhuhuri litakuwa limefika Msimbazi.

Mzee alikunja ile soksi, akaiweka juu ya goti. Nilingoja atufukuze, na angekuwa na haki yake. Kisha akasukuma kigoda kingine mbele kwa mkono.

"Mimi nimeshavua," akasema. "Haya, na wewe."

Mume wangu akakaa. Alianzia pale pale anapoanziaga, asubuhi ya kuondoka. Akasema walipakia mabegi na zawadi za watoto, mdogo wake akiwa anapiga miayo na kucheka kwamba akifika atalala mpaka mwaka mpya. Akasema jua lilikuwa limeshatoka. Akasema walichelewa kuondoka Dar. Hapo akanyamaza, na mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu ya mzee wa watu.

Mzee aliutazama ule mguu. Kisha akauliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza.

"Mlichelewa kwa nini?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nikaona anavyojifunga, mdomo, mabega, mikono, kama fremu inayoshushwa mlango, na nikajua atanyamaza hapo leo, na Jumanne atanyamaza, kisha ataacha kwenda, na mimi nitaendelea kuitwa mke mwema anayemuuguza mumewe. Maneno yote niliyowahi kuyasema Kariakoo yalinitoka bila kutafutwa. Hili nililitafuta.

"Ni mimi," nikasema. "Walikuwa waondoke tarehe ishirini. Mimi nikampigia simu nikamwambia asifunge duka, aongeze siku mbili."

Upande wa pili dada wa zipu alikuwa amesimama na glasi yake tupu aliyokuja kuichukua, wala hakujifanya hajasikia. Mzee hakunitazama. Alinyoosha mkono akavuta boksi la kofia, akalipiga vumbi.

"Kaa na wewe, mama."

Nikakaa. Mume wangu alijifuta uso kwa kiganja, akaendelea, kutoka pale, polepole, Chalinze, Segera, Korogwe, hadi mwisho. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia mwisho wake. Akasema baada ya Korogwe mdogo wake alimwambia asimamishe gari walale nusu saa chini ya mti, au ampe yeye usukani. Na alitaka kusimama, alishapunguza mwendo, alishawasha indiketa ya kushoto. Ndipo nilipopiga simu ya pili, nikauliza wamefika wapi mpaka saa hizi, akaona aibu, akaizima indiketa.

Ile simu ya pili mimi nilikuwa nimeisahau.